Mtoto Aliyerudishwa

4 Februari 1989

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, maana najua wodi yenu haikupi hata nafasi ya kuegemea ukuta. Mama hajambo? Miguu yake je? Mwambie yale mafuta ya kuchua niliyomletea ni ya kila siku, si ya kuwekwa kabatini yakatazamwa.

Mimi ni mzima, ila sauti imekwaruza. Tuna maonyesho manne kwa wiki, na Jumamosi asubuhi kuna kipindi changu cha redio. Juzi sokoni muuza nyanya alikataa kunipimia mpaka nimtukane kidogo kwa sauti ya Mama Vurugu, yule mwanamke mgomvi ninayemwigiza kwenye mchezo wa redio. Nikamtukana. Watu wakapiga makofi, nikaongezewa nyanya mbili. Ndiyo kazi yetu, dada: matusi yana soko kuliko adabu.

Sasa habari kubwa. Mtoto wangu amesema! Unakumbuka nilikuandikia kwamba tangu nimtoe kule makao ya watoto mwezi wa nane alikuwa hatoi neno, anakutazama tu kama karani anayesubiri utoke afunge mlango? Basi mdomo umefunguka, na sasa haufungiki. Sasa namwita Chiriku, kama yule ndege, kwa ajili ya kelele zake. Ana miaka minne na anahoji kama askari wa upelelezi. Kwa nini mwezi hauanguki? Kwa nini redioni unalia na nyumbani hulii? Mimi ananiita "Wewe." "Mama" bado hajaniita, nami sijamwomba.

Afisa ustawi amekuja mara tatu, amekagua kitanda, choo, mpaka chini ya sinki. Kesi ya kumwasili, awe wangu kisheria, itasikilizwa tarehe 20 Juni. Miaka sita nawahimiza watu redioni: chukua mtoto asiye na mtu, mfanye wako. Nimegundua kuhimiza ni rahisi. Kungojea ndiko kunakokausha koo.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya jamaa wa karibu. Ijaze wewe uliye mkubwa wangu. Maswali mengi ni mepesi: kama nina hasira za karibu (sema hapana), kama nanywa pombe (sema hapana). Sehemu ya saba, ile inayouliza kama familia yetu iliwahi kupokea mtoto wa kulea na yaliyompata, weka kistari tu. Hayo ni maswali ya kujazia karatasi.

Irudishe mapema, tafadhali. Chiriku anakusalimu. Ameuliza kama wewe ni mkubwa kuliko kabati.

Mdogo wako.


19 Machi 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, usinilaumu. Wauguzi wangu wawili wamehamishwa, nimebaki na wodi ya wazazi na wasichana wanaojifunza ambao hawajui tofauti ya kisogo na kitako. Mwezi uliopita tumezalisha watoto mia na kumi na wawili. Wawili waliachwa. Mmoja tulimkuta ndani ya kapu la mashuka machafu, amefungwa vizuri, kitovu kimefungwa kwa uzi wa cherehani. Aliyemfunga alikuwa na mkono wa upole. Nimewapeleka makao na kuandika kwenye daftari.

Redio yako tunaisikiliza chumba cha wauguzi. Wasichana hawaamini kwamba Mama Vurugu ni ndugu yangu. Wanasema mimi sicheki. Nimewaambia kwetu kicheko kilikuwa kimoja, akakiwahi mdogo wangu.

Mama miguu afadhali. Kichwa ndicho kinachoondoka. Mimi ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Jumatano nilimwekea chakula, akaisukuma sahani upande wa kiti kitupu, akaniuliza, "Mgeni amekula?"

Nikamwambia leo hatuna mgeni.

Akasema, "Sisemi mgeni. Nasema Mgeni." Akanikazia macho mpaka nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Fomu nimeipata.

Dada yako.


2 Aprili 1989

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Pole kwa Mama pia. Wazee huchanganya mambo, usiyatilie maanani. Mwimbie, atasahau.

"Fomu nimeipata." Ni jibu gani hilo? Hata mwenye nyumba wangu, ambaye hutoa maneno kama meno, angeongeza la pili.

Nakuandikia kutoka chumba cha kuvalia, nusu ya uso nimeshapakwa uzee. Msimu huu ni bikizee wa miaka sabini. Nilianza na bibi harusi, nikaja kwenye wake za watu, nikaja kwa mama wakwe, sasa nimefika kwa mabibi. Kilichobaki ni kuigiza maiti, na hapo angalau sitahangaika na maneno ya kukariri. Unakumbuka nilipotoroka na kikundi cha maigizo nikiwa na miaka kumi na tisa? Tulilala juu ya mapazia ya jukwaa. Baba hakusema nami miaka mitatu, mpaka siku aliposikia redio ya jirani akacheka hadi akashika mbavu, kisha akauliza, "Mwanamke huyu ni nani?" Nilikuwa mimi. Ndoa yangu nayo unaijua: ilidumu misimu miwili ya jukwaa, na pazia likaanguka bila makofi. Sikuwahi kujuta. Sikuwahi kutaka kitu mpaka kikaniuma, dada, hadi alipokuja huyu mtoto.

Jana alisimama mbele ya sufuria yenye chakula cha juzi, akanusa, akaniambia, "Chakula kikikaa sana kinaharibika."

"Ndiyo."

"Mimi nikikaa sana hapa itakuwaje?"

Mimi, niliyesimama mbele ya watu elfu nikasahau maneno na bado nikaongea robo saa! Nilimbeba tu.

Afisa ustawi amesema bila fomu yako jalada halitafika kwa hakimu. Nimemwambia dada yangu ni mkunga, ana kazi nyingi. Akanijibu, "Mama, watoto huzaliwa kwa miezi tisa. Karatasi moja ni dakika ishirini."

Kistari kimoja, dada. Hata si neno.

Mdogo wako.


30 Aprili 1989

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Natumaini na nyie hivyo, maana sina njia ya kujua.

Wiki nne! Najua unavyonyamaza. Ulikuwa hivyo hivyo tangu utotoni: ukitaka mtu akiri, unakaa kimya unamenya viazi mpaka ajiseme mwenyewe. Haya, basi. Nitajisema.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na mitatu, na Mgeni sita. Alikuwa ametoka makao ya watoto, amekaa nasi miaka miwili, tukilala watatu kitanda kimoja. Mama alisema tumwite Mgeni kwa siku mbili tatu tu, mpaka tumpatie jina zuri. Hatukumpatia. Mama alikuwa ameshona gauni la bibi harusi, jeupe, arusi ni Jumamosi. Nikalivaa. Nilitaka kujiona kwenye kioo nikiwa mtu mwingine. Pindo likagusa pasi ya mkaa, na kabla sijanusa moshi lilikuwa limeungua tundu la kupitisha kichwa.

Mama alipoingia nilikuwa nimeshalivua. Nikalia. Dada, nililia kilio ambacho mpaka leo sijakipata tena jukwaani. Nikaonyesha jinsi Mgeni alivyopanda kiti, alivyolivuta, nikaigiza mpaka mkono wake. Mama akamwuliza, "Ni wewe?" Mtoto yule akatutazama sote, akasema, "Pole, mama." Wiki ile ile akarudishwa makao na kifurushi chake.

Lile ndilo igizo langu la kwanza, na lilipokelewa vizuri sana.

Unadhani ni kwa nini nasimama mbele ya kipaza sauti kila Jumamosi? Unadhani nawahubiria wasikilizaji? Nimekuwa nikimlipa mtu nisiyejua aliko.

Nawe ulikuwa mlangoni. Uliona kila kitu na hukusema. Kwa hiyo usinijie sasa na ukweli, dada, baada ya miaka thelathini na miwili, kwa mgongo wa Chiriku.

Zimebaki wiki saba. Nakupigia magoti.

Mdogo wako.


14 Mei 1989

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mama anakula kidogo. Hapa mvua imeharibu paa la chumba cha dawa.

Ndiyo, nilikuwa mlangoni. Sasa na mimi nikwambie usilolijua. Pasi ile niliachiwa mimi. Mama alipotoka aliniambia, "Usiondoke hapa, mkaa ni wa moto." Nikaondoka. Nilikwenda uani kwa jirani kusukwa. Niliporudi nilikuwa nimesukwa nusu ya kichwa, na wewe umeshaanza kulia. Kama ningesema ni wewe, Mama angeniuliza pasi ilikuwa na nani. Kwa hiyo nilinyamaza. Wewe ulidanganya kwa kelele, mimi kwa kimya. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulipigiwa makofi.

Ulikuwa hujui pia kwa nini niliomba kazi mji huu ambao kila muuguzi anaukimbia. Makao yale yalihamishiwa hapa. Nilipofika nilisoma madaftari yao. Alikuwa ameshatoka, mtu mzima, lakini hakwenda mbali. Ni mfumaji wa masweta ya shule, ana chumba na mashine yake nyuma ya duka la sare. Nilimjua kwa kovu la kidevu, lile la kuanguka kitandani kwetu.

Miaka saba nakwenda kwake kila mwaka kununua sweta. Nasema rangi, napimwa mabega, naondoka. Nina masweta saba, na baridi ya hapa haizidi wiki tatu. Sikuwahi kumwambia mimi ni nani.

Sasa fomu. Nimeijaza. Sehemu ya saba nimeandika yaliyotokea, yako na yangu. Siwezi kuandika kistari, mdogo wangu. Kistari hicho kina kovu la kidevu na kinakaa umbali wa dakika kumi kutoka kitandani kwangu.

Sijaituma bado. Iko ndani ya droo.

Dada yako.


22 Mei 1989

Dada,

Sina salamu, nisamehe. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma nimelala sakafuni.

Yu hai. Miaka saba, na hukunipa hata mstari mmoja! Ningekuja. Sijui kama ningekuja. Ningejua, angalau.

Sasa nisikilize, na usiichane kabla hujamaliza. Nenda kwake. Mwambie mimi ni nani, mwambie wewe ni nani. Mwombe aandike kwa mkono wake kwamba alitunzwa kwetu, alikula, alivaa, alilala pazuri. Si uongo. Alikuwa anakula nasi sahani moja. Aandike hayo tu, na hayo mengine yasiguswe. Karatasi hiyo ikiandamana na fomu yako, hakimu ataona familia iliyompokea mtoto kwa wema.

Najua ninachokuomba kinanuka. Naijua harufu yake. Lakini leo asubuhi Chiriku amechora nyumba, ndani yake watu wawili, mmoja ana mdomo mkubwa. Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Ni mama yangu, anatukana redioni."

Ameniita hivyo, dada. Mara moja, na kisha akaendelea kupaka rangi.

Fanya hivyo kwa ajili yake. Mimi usinifanyie kitu.

Mdogo wako.


6 Juni 1989

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Nilivaa sweta lake la mwaka jana, jasho likinitoka.

Alikuwa kwenye mashine, wasichana wawili wakishona vifungo nje. Nikamwambia, "Leo sikuja kununua. Mimi ni binti wa yule fundi cherehani uliyekaa kwake."

Hakuinua macho. Akasema, "Najua. Tangu sweta la pili."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa na safari. Mwenye safari ndiye husema alichojia. Nilijua siku moja utasema, nikawa nakufumia."

Nilikaa kwenye gunia la sufu. Akaniuliza kama Mama yu hai. Nikamwambia yuko kwangu, na kila siku anauliza kama Mgeni amekula. Mashine ikasimama. Akasema, "Ananiulizia mpaka leo?"

Barua yako sikumsomea. Niliona haya kwa niaba yako. Nilimwambia maana yake tu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno haya, nami niliyaandika nilipofika nyumbani yasinipotee: "Anataka niseme nilitunzwa. Nilitunzwa. Miaka miwili nilitunzwa, na ndiyo maana kurudishwa kulinishinda. Niliporudi kitanda changu kilikuwa na mtoto mwingine. Nikalala na mpishi. Mwaka mzima nikawa naomba radhi kwa kila kitu, mvua ikinyesha nasema pole, sahani ya mwenzangu ikianguka nasema pole. Walidhani nina maradhi."

Nikamwuliza kama huwa anakusikia redioni. Akasema, "Kila Jumamosi. Ana sauti nzuri. Huwa namsikiliza nione kama atafika kwangu. Hajafika."

Hataandika kitu. Amesema kama unalo la kumwambia, kinywa unacho.

Nikatoka. Nikapita posta, nikaituma fomu kama ilivyo. Itakuwa kwa hakimu kabla ya tarehe ishirini. Nilitaka ulijue hilo kwangu, usilijulie mahakamani.

Nilie au nisilie, nimeshaituma.

Dada yako.


25 Juni 1989

Dada,

Shikamoo. Nakupa habari kwa utaratibu, kwa sababu nikiacha utaratibu nitaanguka.

Chumba cha hakimu ni kidogo, kina feni inayolia na kabati la majalada lisilofungika. Hakimu ni mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nilichagua kitambaa cha kichwa, nilijua nitulie wapi, nishushe macho lini. Akafungua fomu yako, akaisoma polepole, akaniuliza, "Sehemu ya saba. Ni kweli?"

Machozi yakaja. Nikayatambua. Yalikuwa machozi ya kazi, yale yanayokuja nikiyaita. Nikayafukuza. Nikamwambia kwa sauti kavu kuliko zote nilizowahi kutoa, "Ni kweli. Niliunguza gauni, nikamsingizia, akarudishwa. Na mwezi uliopita nilimtafuta ili anifichie."

Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza. Lilitoka tu.

Hakimu akavua miwani. Akasema atataka uchunguzi mpya, na mpaka uishe mtoto atunzwe makao. "Si adhabu," akasema. Nimezoea kusema maneno yaliyoandikwa na wengine, nayajua yanayosemwa kwa sababu ni lazima yasemwe.

Ijumaa nilimpeleka mwenyewe. Afisa ustawi alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilifunga nguo zake, ile michoro yake, na kikombe chake. Njia nzima alikuwa akiuliza. Tunakwenda kwa nani? Tutarudi saa ngapi? Kwa nini kikombe changu kinakuja? Tulipofika getini akalitambua geti. Akaniangalia, akaniambia, "Sitauliza tena maswali."

Dada, hakulia. Angelia ningeweza kuishi.

Gazeti limepata habari, limeandika: MAMA VURUGU ALIMSINGIZIA YATIMA. Mtayarishaji ameniambia nipumzike kipindi cha Jumamosi. Katika kazi yetu, kupumzika ni kufukuzwa kwa adabu. Yule bikizee wa jukwaani amepewa mwanamke mwingine. Sikubishana. Mchana nakaa jikoni, na kila sauti ya mtoto nje nadhani ni ya kwangu.

Sikulaumu. Nilitaka kukulaumu, nikatafuta pa kuanzia, nikapakosa. Lakini usiniandikie kwamba nilifanya vyema. Sijafanya vyema. Nimefika getini na kifurushi mkononi, kama Mama.

Mdogo wako.


10 Julai 1989

Mdogo wangu,

Usijibu barua hii, hutawahi.

Safari hii nilimsomea Mgeni barua yako yote, bila kuruka. Alikuwa anakunja masweta. Nilipofika penye geti akaniambia nirudie aliyosema mtoto. Nikarudia. Akafunga mashine kwa kitambaa, akawaambia wasichana wake waende nyumbani.

Kisha akasema nimpeleke kwa Mama.

Mama alikuwa barazani. Alimkaribisha kwa heshima kubwa, akamwita "bibi," akamvutia kiti. Hakumjua. Akamwinamia kama anayetoa siri, akamwuliza, "Njiani hukumwona mtoto mdogo? Ana kovu hapa. Hajala tangu asubuhi."

Mgeni akamshika mkono. Akasema, "Nimemwona, mama. Amekula. Ameshiba."

Mama akashusha pumzi, akalala pale pale kitini. Mimi nilisimama nikishika mlango. Miaka ishirini na mitatu nazalisha watu, sijawahi kuona uchungu unaoondoka kwa namna ile.

Njiani akaniuliza, "Yule hakimu anasikiliza watu siku gani?"

Nimeomba likizo. Mama atakaa na jirani. Tunakuja wiki ijayo, kwa basi la asubuhi. Tandika kitanda kimoja zaidi, na usipike makuu. Usimkimbilie shingoni, wala usilie. Atajua.

Dada yako.


3 Septemba 1989

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mama alikupokea vizuri uliporudi, na paa la chumba cha dawa limekwisha kuzibwa. Mimi sina kazi, na afya ninayo.

Mliondoka Julai, wewe ukiwa umeshatoa ushahidi wako, na hakimu akamwambia Mgeni arudi uchunguzi ukiisha. Nilikuahidi kukuandikia yote yakiisha. Yameisha Jumanne.

Nianze na siku mbili alizokaa kwangu Mgeni. Alikuja tena siku mbili kabla ya kesi. Alikunywa chai akiwa wima. Nilikuwa nimepanga maneno niliyoshindwa kuyasema Julai, nikayapangua, mwishoni nikasema tu, "Nilikusingizia. Nisamehe."

Akasema, "Nimekusikia. Hilo la kusamehe si la safari hii. Safari hii nimekuja kwa mtoto." Kisha akaomba aonyeshwe anapolala Chiriku. Akakigusa kitanda, akabonyeza godoro, akachungulia chini kama afisa ustawi. Akasema dirisha linapitisha upepo. Jioni ile nikaliziba.

Mbele ya hakimu alisimama na mkoba wake begani, hakuutua. Aliulizwa kama ananijua. Akasema, "Namjua. Alinisingizia, na mama yake akanirudisha. Sijamsamehe, asije akaandika gazetini kwamba nimemsamehe." Karani akacheka kidogo, akajiwahi. Mgeni akaendelea, "Mimi nilirudishwa mara moja. Mpaka leo nikialikwa nyumbani kwa mtu nakaa karibu na mlango. Huyu mtoto mmeshamrudisha mara moja kwa kosa lililofanyika kabla hajazaliwa. Mwanamke huyu ni mwongo wa zamani, lakini safari hii alisema kweli na kweli ikamnyang'anya mtoto. Mkimzuia, mtakuwa mmemfundisha kwamba ule uongo ulikuwa na faida. Mpeni mtoto. Mimi nitakuja kumwangalia. Sitapiga hodi mapema."

Hakimu aliandika muda mrefu. Feni inalia. Kisha akasoma amri. Sikusikia mpaka afisa ustawi aliponishika kiwiko. Ni wangu, dada. Kisheria, kwa muhuri, ni wangu. Nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele mpaka mtaa uamke. Nilikaa kwenye ngazi za mahakama nikatafuta pumzi. Nilipoinua macho Mgeni alikuwa ameshakwenda kituo cha mabasi. Hakuaga.

Sasa nikwambie usiloweza kuliona kwenye amri ya hakimu. Chiriku amerudi, na hasemi. Siku ya tano leo. Anakula, anaoga, anaitikia kwa kichwa. Asubuhi akiamka anavaa viatu kabla ya nguo, anachukua kikombe chake, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Anakaa hapo mchana kutwa. Nikipita ananyoosha miguu ili nione kwamba yuko tayari. Sijamwambia kitu cha kitabuni. Sijamwigizia hata Mama Vurugu. Nimeleta kiti changu nikakiweka kando ya chake, naye anatazama mlango, mimi namenya viazi, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Naogopa, dada. Nilidhani woga utaisha na kesi. Naamka nawaza: kama nimemvunja kitu kisichoungika? Kama miaka thelathini na miwili ijayo atakuwa mwanamke mahali fulani, anakaa karibu na mlango wa mtu? Hakuna hakimu wa kunijibu hilo.

Leo mchana tulikuwa hapo tumekaa. Bila kunitazama, kwa sauti ndogo iliyokauka kwa kukaa bila kazi, akauliza, "Leo tunakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Hatuendi popote."

Akafikiri. Kisu changu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi, sikuthubutu kukisogeza. Kisha akainama, akahangaika na kamba, akavua kiatu kimoja. Akakiweka chini ya kiti, mbali kidogo, kama mtu anayejaribu sakafu.

Hicho cha pili bado yuko nacho mguuni ninapokuandikia. Simwambii akivue.

Mdogo wako.